Seli Aliyoifunga kwa Mkono

Tarehe kumi na moja Julai mwaka wa 2006, siku ya Jumanne, nilimpoteza mume wangu. Aliamka, akanywa chai, akasema kichwa kinamgonga. Akakaa ukingoni mwa kitanda kuvaa soksi. Alivaa moja. Nilitoka nje kumwaga maji ya vyombo, na niliporudi nilimkuta amelala upande, soksi ya pili ameishika mkononi. Daktari alisema ni presha. Hatukuwa tumejua kwamba ana presha. Hakuwahi kupimwa, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba mtu mwenye mikono kama ile anahitaji kupimwa chochote.

Mikono yake ilitokana na mawe. Alikuja Kitengela kutoka kwetu magharibi miaka ya tisini, akaanza kwa kuchonga mawe kwenye machimbo. Nilipomfuata tulipanga chumba kimoja ambacho vumbi la machimbo liliingia hata dirisha likifungwa. Hatukujaliwa mtoto. Watu wa nyumbani walisema maneno yao, kisha wakachoka kuyasema, na sisi tukabaki wawili. Asubuhi nilikuwa naamshwa na kikohozi chake nje ya mlango, akipiga mswaki, na mpaka leo mwanamume akikohoa hivyo kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga nageuza kichwa.

Kutoka machimbo aliitwa kujenga bwawa la kuogelea kwenye gesti moja iliyo mbele ya Kitengela, ukielekea Kajiado. Mwenye gesti alikuwa mama mjane kutoka Murang'a, aliyenunua shamba hapo wakati watu bado wanamcheka kwamba amenunua miiba. Sote tulimwita Shosho, yaani bibi, hata wageni. Bwawa lilipokwisha, mafundi wengine walienda zao, lakini mume wangu akaachwa alitunze. Baadaye nami nikapata kazi hapo hapo, kufua mashuka na taulo.

Mwanzoni alitia klorini ya unga kwa mkono, na macho yake yakawa mekundu kila jioni. Halafu Shosho akaletewa mashine ya chumvi. Watu wengi hawaijui, kwa hiyo niieleze kama alivyonieleza yeye. Unatia chumvi ndani ya bwawa, si nyingi kama ya bahari, kiasi cha kuonja tu kama machozi. Maji yanapita kwenye paipu, na kwenye paipu hiyo kuna kitu kinaitwa seli. Ni bomba la plastiki ngumu unaloweza kuona ndani yake, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na ndani kumepangwa vibamba vyembamba vya chuma kama kurasa za kitabu. Umeme ukipita kwenye vibamba hivyo, chumvi inatoa klorini yenyewe. Hakuna unga tena, hakuna macho mekundu.

"Sasa maji yanajipikia dawa," aliniambia siku ya kwanza, amesimama hapo kama mtu aliyenunuliwa gari.

Lakini maji ya huku kwetu ni ya kisima, na ni magumu. Angalia sufuria ya mtu yeyote wa Kitengela, utaona ukoko mweupe chini. Angalia meno ya waliozaliwa hapa. Maji hayo hayo yalijenga ukoko kwenye vibamba vya seli, na ukoko ukijaa, umeme haupiti vizuri. Kwa hiyo ilibidi seli ifunguliwe mara kwa mara na ioshwe kwa asidi iliyochanganywa na maji. Maji kwanza kwenye ndoo, asidi baadaye, kidogo kidogo. Ukigeuza inakurukia.

Kazi hiyo hakuwahi kuifanya peke yake kama mimi nilikuwa karibu. Nilivaa glavu zangu za njano za kufulia, nikajifunga taulo puani, naye akazima pampu na kuniita.

"Daktari! Mgonjwa yuko tayari."

"Ana nini?"

"Anasema amekula mawe."

Tulimimina ile asidi, povu likapanda jeupe, likafoka kama maziwa yanayotaka kumwagika, na tukasimama tukilitazama mpaka litulie. Alinikataza kuongeza. Alisema vibamba vimepakwa ngozi nyembamba ya madini ya bei kali, na asidi inapokula ukoko inakula na hiyo ngozi kidogo. Kila unapoisafisha unaifupishia maisha. Usipoisafisha inakufa haraka zaidi. Alikuwa anapenda kusema hivyo, halafu ananitazama aone kama nimeelewa.

Seli ilishikwa na nati mbili kubwa za plastiki, moja kila upande. Fundi aliyeleta mashine alisema zifungwe kwa mkono, spana itapasua. Mume wangu alipangusa kiganja kwenye kifua cha shati, akashika nati, akazungusha mpaka raba ya ndani ilie kidogo, basi. Ikilia ameacha. Sijawahi kuona tone likivuja mahali alipofunga.

Mara ya mwisho aliifunga Jumamosi, kabla ya ile Jumanne. Sikumtazama. Nilikuwa naanika mashuka upande wa pili na upepo ulikuwa unanipiga nayo usoni. Nilisikia tu pampu ikianza tena.

Tulimzika nyumbani kwao. Nilikaa huko mpaka shughuli zikaisha, kisha nikawaambia shemeji zangu kwamba narudi Kitengela. Walisema nibaki. Sikuwa na ugomvi nao. Ni kwamba pale nyumbani alikuwa mtoto wao, mvulana aliyeondoka zamani, na kila walichokumbuka kilikuwa cha kabla yangu. Mtu niliyekuwa namtafuta mimi alikuwa Kitengela.

Niliporudi gesti, askari wa getini aliniona kutoka mbali. Alikuwa Mmaasai, mtu mzima, mwenye ng'ombe wake mwenyewe upande wa Isinya, na alikuwa rafiki wa mume wangu kwa sababu wote wawili walipenda kukaa kimya. Alinisalimu kama anavyosalimu wanawake wote.

"Takwenya, yeiyo."

"Iko."

Alinipa pole, akanishika mkono, halafu hakuuachilia. Nikajua kuna kitu.

"Mama, kuna mambo nimefanya," alisema. "Ile maji ya mzee. Nimeilisha."

"Umeilisha nini?"

"Chumvi. Ile mashine iliwasha taa nyekundu, ile ya kusema chumvi imeisha. Nikasema mzee hayuko, mama hayuko, nitaiacha na njaa? Gunia yenu ilikuwa imeisha. Nikatoa ya ng'ombe yangu."

"Chumvi ya ng'ombe?"

"Ile nzuri. Ile ya madini." Akaona uso wangu. "Ng'ombe wakipata hiyo wananona kabisa!"

Tulienda kutazama. Bwawa lilikuwa na rangi ya chai ya rangi, ile isiyokolea. Chumvi ya ng'ombe ina madini ya chuma na shaba na vitu vingine vya kuwapa nguvu, na vyote vilikuwa vimejinyoosha humo ndani. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye saruji, naye akasimama juu yangu na rungu lake bila kujua kama ni kicheko au kilio, na kwa kweli hata mimi sikujua. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Sasa itanona?" nilimwuliza.

"Wewe nicheke tu. Mzee angenicheka zaidi."

Kitu ambacho hangeweza kujua ni kwamba taa ile haisemi kweli kila mara. Mume wangu alikuwa ameniambia: ikisema chumvi imepungua, usiiamini haraka, tazama seli kwanza, kwa sababu seli yenye ukoko inaidanganya mashine. Nikainama nikatazama kupitia plastiki. Ukoko mweupe ulikuwepo, na juu yake kulikuwa na weusi wa kahawia, kama sufuria ya ugali iliyoungua.

Shosho aliniomba nishike bwawa mpaka apate mtu. Nikakubali haraka kuliko alivyotarajia. Tulipunguza yale maji, gari la maji likaleta mengine, na rangi ikarudi karibu na inavyopaswa. Ikabaki seli. Ilikuwa lazima ifunguliwe, na mimi sikuifungua.

Nilikwenda pale kila asubuhi nikazima pampu, nikaweka mkono juu ya nati, nikaondoa mkono, nikawasha pampu. Nilijua vizuri ninachofanya, wala sikujidanganya kwamba naogopa asidi. Nguo zake zilikuwa zimegawiwa nyumbani kama inavyofanywa. Chumba tulichokuwa tunalala, mwenye ploti alikuwa amekipaka rangi upya nikiwa sipo, kwa wema, ili nirudi mahali pasafi. Kati ya vyote alivyovigusa, nati zile mbili ndizo zilizokuwa bado ziko vile vile alivyoziacha. Nguvu yake ilikuwa bado imezishika. Nikizifungua, hakuna mtu duniani atakayeweza kuzirudisha zilivyokuwa.

Kwa hiyo nilitia klorini ya unga kwa mkono, kama zamani, na macho yakawa mekundu, na watu wakadhani nalia kila saa. Wakati mwingine walikuwa sahihi.

Shosho alivumilia. Halafu vijana wa kanisa moja la Nairobi wakaandikisha kuja kwa kambi ya siku kadhaa, na siku hiyo alinifuata hadi kwenye chumba cha pampu akiwa na fimbo yake.

"Mama, hii mashine ina shida gani?"

"Seli inataka kuoshwa, Shosho."

"Si uoshe?"

Nikageukia pampu.

"Niangalie," alisema. Nikamwangalia. "Wewe unalia, sawa. Mimi pia nililia, nikalia mpaka ng'ombe wakakosa kukamuliwa. Lakini wageni hawaogelei machozi. Kama huwezi, sema. Nitaita kijana aje na spana afungue mara moja."

Lile neno spana ndilo lililoniinua. Nilimwambia nitafungua mimi.

Askari alikuja kunisaidia. Nilizima pampu, nikapangusa kiganja kwenye gauni, nikashika nati ya kwanza. Haikusogea. Nikatumia mikono miwili. Haikusogea.

"Huyu mzee alikuwa anafunga kama anafunga simba," askari alisema. "Wacha mimi nijaribu."

"Hapana."

"Kidogo tu nilegeze, halafu wewe umalizie."

"Nimesema wacha, baba."

Akarudi nyuma, akaegemea mlango, akaanza kutazama miguu yake. Nilichemsha maji nikaloweka kitambaa, nikaizungushia nati ili plastiki ilegee, halafu nikachukua kipande cha tyubu ya gurudumu, kile tulichokuwa tunatumia kufungulia mitungi ya achari jikoni, nikakivisha juu. Nikavuta kwa mwili wote. Nilihisi ikishindana nami. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Ilikuwa kama kumshika mkono mtu ambaye hataki uondoke. Halafu ikalia, ile sauti ya raba, na ikaachia.

Maji yaliyobaki ndani yalinimwagikia mikononi, ya vuguvugu. Nilijua hayakuwa maji yake. Pampu ilikuwa imeshazungusha maji mengine, na chumvi ya ng'ombe, na maji ya gari. Hata hivyo niliyaacha yakauke yenyewe bila kujifuta.

Nati ya pili ilifunguka kirahisi. Nilisimama nikaishika kwa muda mrefu kidogo.

Niliosha seli peke yangu, askari akisimama mbali kwa sababu ya harufu. Povu lilipanda, weupe ukatoka. Weusi wa kahawia ulitoka kidogo tu. Nilikuwa na asidi ya kutosha kurudia, na ndoo ilikuwa hapo miguuni. Nikasikia jinsi alivyokuwa akisema, ngozi ni nyembamba. Nikamwaga. Nikairudisha seli na nusu ya uchafu wake, nikafunga nati kwa mkono wangu mpaka raba ikalia. Upande mmoja ulivuja matone. Nikafunga tena. Taa ya kijani iliwaka, ikazima, ikawaka, ikatulia.

Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kuhakikisha ile seli haifi. Shosho aliacha kutafuta mtu mwingine na akapata mwanamke wa kufua. Niliacha pampu ifanye kazi muda mrefu zaidi ili seli isilazimishwe. Siku ambazo hakukuwa na wageni niliipumzisha. Nilijifunza kupima maji kwa vile vichupa vya rangi, nikayaweka yasiwe makali upande wowote, kwa sababu maji yakiwa sawa ukoko haujengeki haraka na asidi haihitajiki mara nyingi. Yeye hakuwa anajisumbua na vichupa sana, alikuwa anaonja maji na kutema. Nilijaribu kuonja kama yeye. Sikuweza kujua alikuwa anasikia nini kwenye ulimi wake, na jambo hilo dogo liliniuma zaidi ya mengine mengi. Ningempata dakika moja tu ningemwuliza hilo.

Nilikuwa nikizungumza na seli. Si sana. "Umeamkaje," basi, au "leo kuna wageni, usiniaibishe." Askari alinisikia siku moja akasema hata yeye huongea na ng'ombe, na ng'ombe hawasikii vizuri kuliko hiyo.

Ilidumu hivyo mwaka mmoja, na mwingine. Machafuko ya uchaguzi yalikuja, tukafunga geti majuma kadhaa bila mgeni hata mmoja, na bado niliiwasha kila siku kidogo. Baada ya hapo ilianza kuchoka. Taa nyekundu iliwaka hata maji yakiwa na chumvi ya kutosha, hata vibamba vikiwa visafi. Nikitazama kupitia plastiki niliona sehemu ambazo zile rangi nyeusi za ngozi zimebanduka na chuma kinang'aa chini yake, kama goti la suruali ya mwanafunzi. Nilijua maana yake. Nilimwambia Shosho bado iko na nguvu, na siku nyingine nilikuwa nasema kweli, maana ilikuwa inaamka na kufanya kazi asubuhi nzima.

Mwaka wa 2009, wakati wa ule ukame mbaya, askari alikuwa amepoteza ng'ombe karibu wote, na alikuwa anakaa getini akitazama barabara. Nyasi hazikuwepo, vumbi lilijaa bwawani kila siku. Seli ikanyamaza. Niliiosha, nikaisubiri, nikaiosha tena, na mara hii sikujali ngozi. Haikuwaka.

Shosho aliita fundi kutoka Nairobi. Alikuwa kijana mchangamfu mwenye pikapu na kipimo cha umeme. Alikifungia waya pale kwenye seli, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mathe, hii imeenda."

"Hata ikioshwa?"

"Uoshe nini? Hakuna kitu imebaki. Hii ni chuma tupu." Akaigeuza kwenye mwanga. "Lakini imekaa! Kwa hii maji yenu ya mawe, zingine nabadilisha baada ya miaka miwili, mitatu. Nani alikuwa anaitunza?"

"Mume wangu," nilisema. Halafu, kwa sababu haikuwa kweli yote, "na mimi."

Askari alikuwa amesogea karibu. Nilijua anachotaka kusikia, na hangeuliza, kwa hiyo nikauliza mimi.

"Kuna wakati iliingia chumvi ya ng'ombe. Inaweza kuwa ndiyo iliiua?"

Fundi alicheka sana. "Chumvi ya ng'ombe! Aki nyinyi watu wa Kajiado." Alipoona hakuna anayecheka naye, akajikohoza. "Hapana. Hiyo iliichafua tu. Ingekuwa ni hiyo ingekufa kitambo. Hii ni uzee."

Askari aligeuka akarudi getini, na alitembea tofauti.

Seli mpya ilitoka kwenye karatasi yake, plastiki safi kama glasi, vibamba vyeusi bila doa. Fundi aliifunga kwa mkono bila kuambiwa. Aliwasha pampu, taa ya kijani ikawaka mara ile ile, na haikupepesa. Shosho alisema asante Mungu na kugonga sakafu kwa fimbo yake.

Ile ya zamani ilikuwa imelazwa ukutani kwenye kitambaa, maji yakichuruzika kutoka ndani. Fundi alikuwa anakusanya vyombo vyake. Aliiokota.

"Hii mnaitaka, ama niende nayo? Kuna mtu hununua hizi vyuma."

"Itafanya nini hapa?" Shosho alisema. "Beba, beba."

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi. Ningesema tu, niachie. Hakuna ambaye angenikatalia. Shosho angenitazama kidogo, basi, na fundi angenipa na kusahau kabla hajafika Athi River. Nilifungua mdomo. Sijui ni aibu, au ni kwamba nilifikiria nitaiweka wapi kwenye chumba kile, juu ya kabati au chini ya kitanda, na nitakuwa naitazama nikitafuta nini. Sikusema kitu. Mpaka leo natamani ningesema.

Aliitupa nyuma ya pikapu, kati ya paipu na magunia. Askari akafungua geti. Gari lilipopita juu ya tuta nilisikia ikigonga kitu cha chuma, mara moja, halafu mara nyingine, halafu fundi akakata kona kuingia barabara ya Namanga na vumbi likafunika kila kitu.

Shosho akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado.